Tangazo la biashara lilituchukulia kuwa nani? Historia ya matangazo nchini kama ilivyotufikia Mbeya, Iringa na Njombe

MWANZISHA UZI (Mbeya)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Historia ya matangazo ya biashara nchini mwetu huelezwa mara nyingi kwa kufuata vyombo vyake: lilikuja gazeti, ikafuata redio, kisha televisheni, na sasa simu ya mkononi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaruka jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha habari yote, yaani kwamba tangazo, kabla halijataja bidhaa, huwa limekwisha kuamua anayelisikia ni mtu wa aina gani, kama ana fedha au hana, na kama anabembelezwa au anaagizwa. Kwa miaka mingi nimeandika matangazo na kutafuta wadhamini kwa ajili ya redio za mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini, na kadiri nilivyozidi kuifahamu kazi hiyo ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mtu anayetaka kujua jamii yetu ilivyobadilika tangu ukoloni angeweza kuanza na swali hilo moja: tangazo lilimchukulia mkazi wa Njombe, Tukuyu au Chunya kuwa nani? Jibu langu ni kwamba alichukuliwa kwanza kuwa nguvukazi, baadaye mjenga taifa, baadaye tena mteja, na hadi leo ni mara chache mno anachukuliwa kuwa mtu mwenye mali yake ya kuitangaza kwa wengine.

Chini ya Waingereza magazeti yaligawanyika kama jamii yenyewe ilivyogawanyika. Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, liliandikwa kwa Kiingereza na liliwalenga maofisa, walowezi na wafanyabiashara wakubwa, wakiwamo wenye mashamba ya Iringa na Mufindi na wale waliofuata dhahabu ya Lupa, ambayo ndiyo iliyochochea kuanzishwa kwa mji wa Mbeya mwaka 1927. Mwafrika aliyejua kusoma alikuwa na Mambo Leo, jarida la Kiswahili la serikali lililoanza mwaka 1923, na wasomaji wake walikuwa hasa walimu, makarani na watu wa misheni, watu wenye mshahara mdogo ambao kwa kujinyima wangeweza kununua sabuni, dawa ya maumivu, cherehani au baiskeli. Kijijini, ambako jarida halikufika, tangazo lilikuwa bango la bati lililopigiliwa ukutani mwa duka la Mhindi, pamoja na fundi cherehani aliyeketi barazani hapo, ambaye kazi ya mikono yake ilionwa na kila aliyepita.

Lakini kwa walio wengi wa huku, tangazo lililowatafuta kwa bidii kuliko mengine yote halikuwa na kitu cha kuwauzia. Lilitaka kununua nguvu zao kwa mkataba. Wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, na mawakala wake waliwachukua watu wa maeneo kama Njombe na Songea kuwapeleka mkongeni, nao wakaitwa manamba. Upande wa Rungwe walikuwapo Wenela, yaani chama cha kuandikisha wafanyakazi wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na serikali ikakomesha uandikishaji huo. Wakala wa kazi hizo hakuhitaji picha wala gazeti. Alihitaji kijana aliyerudi na blanketi jipya, sanduku la bati na baiskeli, na kijana huyo apite katikati ya kijiji mchana watu wakimwona. Hilo ndilo tangazo la kwanza kutufikia kwa wingi, na ndani yake hakutajwa hata mmoja wa wale ambao hawakurudi.

Nitaendelea na enzi za Mwalimu. Wenye kumbukumbu za wakati huo naomba wasikae kimya.

MCHANGIAJI (Tukuyu)

Mwanangu, nakushukuru kwa kuikumbuka Wenela, maana vijana wa leo hawaijui. Marehemu kaka yangu alikwenda huko akarudi na gramafoni, na Jumapili baada ya ibada vijana wa kijiji walikusanyika nyumbani kwetu kuisikiliza. Mama yetu hakufurahi, kwa sababu yeye alikuwa akihesabu miaka ambayo mwanawe hakuwapo, na alijua kwamba muziki ule ungewatoa wengine. Ukaja kuwatoa kweli.

Niongeze jambo kuhusu wakati wa Mwalimu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, tulipewa vitabu, tukaunda vikundi vya kusikiliza redio, na kila wiki tulikaa kuisikiliza Radio Tanzania, kisha tukajadiliana kuhusu malaria, kichocho, maji na vyoo, na baada ya majadiliano tukatoka na majembe. Watu waliichukua redio kuwa sauti ya mtu mwenye haki ya kuwaambia. Sijaona tena tangazo ambalo mtu analisikia asubuhi na jioni yake anachimba choo. Mwanangu usije ukaandika kwamba enzi zile hapakuwa na matangazo.

MWANZISHA UZI (Mbeya)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Sitaandika hivyo, na ushuhuda wako unanirahisishia kazi, kwa sababu kampeni hiyo, iliyowashirikisha watu wapatao milioni mbili nchi nzima na kufuatiwa na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ni mfano bora kuliko yote wa aina ya tangazo lililotawala wakati huo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na makampuni makubwa yalikuwa mali ya umma, biashara ya jumla ilishikwa na mashirika, na The Standard lilitaifishwa mwaka 1970, kisha mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist na kuwa Daily News. Radio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara, kwa hiyo matangazo ya bidhaa yalisikika. Tofauti ni kwamba kiwanda kilichotengeneza, kampuni ya mkoa iliyosambaza na chombo kilichotangaza, vyote vilikuwa na mwenye mali mmoja. Tangazo la namna hiyo halikushindana na mtu. Lilizungumza na mwananchi kwa lugha ya wajibu, na lilimwona kuwa mshirika katika kazi kubwa kuliko ununuzi wake wa sabuni. Sisi wa huku tulihusika moja kwa moja, kwa kuwa tamko la Siasa ni Kilimo lilitolewa na TANU mjini Iringa mwaka 1972, na sidhani kama ipo kaulimbiu nyingine iliyotoka katika ukanda wetu ikaandikwa kwenye kuta, ikasomwa redioni na kuhubiriwa mikutanoni kwa kiasi kile.

Kuna upande wa wakati huo unaosahaulika, nao ni muziki. Mashirika ya umma yalikuwa na bendi, na bendi ilibeba jina la shirika mahali ambapo tangazo la gazeti lisingefika. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na kwetu Iringa kiwanda cha kuchonga almasi, Tancut, kilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, ambayo katika miaka ya 1980 ilipendwa nchi nzima. Fikirini jambo hilo kwa makini: almasi ni bidhaa ambayo karibu hakuna mkazi wa Iringa angeweza kuinunua, lakini jina la kiwanda lilikuwa midomoni mwa watu waliokuwa wakicheza dansi Songea, Tabora na Dar es Salaam. Tangazo hilo halikumwuzia mtu kitu chochote, ila liliwapa watu wa mkoa fahari ya kuwa na kiwanda, na wanamuziki walipata mshahara kama wafanyakazi wengine. Mpira nao ulikuwa hivyo hivyo. Timu nyingi zilikuwa za mashirika, ingawa Tukuyu Stars walipoutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 jina lililotangazwa lilikuwa la mji wenyewe, na hadi leo wapo watu wa mikoa ya mbali ambao hawajui lolote kuhusu Tukuyu isipokuwa timu hiyo.

Ukaja uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kwa sababu nyingine zilizokuwa zimekwisha kujikusanya, bidhaa zilitoweka madukani: sabuni, sukari, mafuta ya taa, vitenge. Hapo ndipo inaonekana wazi kwamba tangazo haliwezi kuishi bila mzigo, kwa kuwa kutangaza sabuni isiyopatikana ni kumtesa msikilizaji. Kurasa za matangazo zilijazwa na pongezi, shirika fulani likiwapongeza Chama na Serikali kwa sikukuu ya Saba Saba, ya Mei Mosi au ya Uhuru, desturi ambayo haijafa mpaka leo. Wakati huohuo watu wa Mbeya, Tunduma na Kyela walijifunza majina ya sabuni na mafuta kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa mzigo wa Zambia na Malawi uliingia kwa njia za panya hata wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Bidhaa hizo hazikuwa na tangazo lolote upande wetu. Karatasi iliyozifunga ilitosha, na mama aliyekuwa na kipande cha sabuni ya Zambia alikigawia majirani kwa kukikata kwa uzi.

DADA MCHANGIAJI (Iringa)

Kaka mwanzisha uzi, heshima kwako, na shikamoo kwa mzee wa Tukuyu. Naomba kabla hujafika kwenye makampuni ya simu usiruke matangazo ya UKIMWI, kwa sababu kwa mikoa hii hayo ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo ndani ya nyumba kuliko tangazo lolote la biashara. Nilikuwa sekondari wakati ule. Nyumbani kwetu neno lenyewe halikutajwa. Ilisemwa tu kwamba fulani anaumwa. Kisha redio ikaanza kutaja kondomu saa ya chakula cha jioni, baba akiwapo, babu akiwapo, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Pia naomba uzungumzie wanawake. Katika matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, mama huyo daima yuko katika jiko la vigae, amevaa nguo nyepesi, nje kuna jua. Mwanamke wa Mufindi anayechuma chai katika ukungu akiwa amevaa sweta na gambuti, au yule wa Kitulo anayebeba viazi, huyo hununua sabuni ileile, wala hajawahi kuwamo.

MWANZISHA UZI (Mbeya)

Dada, umegusa palepale ambapo nilitaka kukaa kwa muda, kwa hiyo ya makampuni nitayapitia haraka ili nifike huko.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa, mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1992 vikarudi vyama vingi, na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa redio na televisheni za watu binafsi. Kufikia mwaka 1994 ITV na Radio One walikuwa hewani, magazeti binafsi yalikuwa yakiuzwa barabarani, na nusu ya kampuni ya bia ya taifa ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa wawekezaji wa Afrika Kusini. Matangazo yalibadilika sauti ndani ya miaka michache. Mwananchi aliyekuwa akiagizwa sasa akawa akibembelezwa, akaambiwa kwamba anastahili, akaahidiwa gari kwa kukusanya vizibo vya soda. Wengi walilipenda jambo hilo, na mimi siwalaumu, kwa kuwa aliyesimama foleni ya sukari ana haki ya kufurahi kuona wauzaji wakimgombania.

Katika wakati huohuo ugonjwa ulikuwa ukituua. Utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008 uliukuta mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ukiwa na maambukizi ya asilimia 15.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Na ule wa 2011 na 2012 uliikuta Njombe peke yake kwenye asilimia 14.8 wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Makete kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Kwa hiyo kondomu za Salama zilipoanza kuuzwa kwa matangazo katika miaka ya 1990, kwa bei nafuu na kwa mbinu zilezile za kuuzia soda, mabango yake yalipigiliwa kwenye maduka yaliyo hatua chache kutoka makanisa ya Kilutheri, ya Kimoravian na ya Kikatoliki, na ubishi ulikuwa mkali. Wapo wachungaji na mapadri walioona kwamba tangazo linawafundisha vijana uasherati, na wapo wauguzi, wengine wao waumini wa makanisa hayohayo, waliosema kwamba wamechoka kuzika. Sikubaliani na wanaosema leo kwamba upande mmoja ulikuwa wa wajinga. Wote walikuwa wakijibu swali lilelile la mtoto aliyebaki.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 2000, ikaja kampeni ya redio ya Fataki, juu ya mzee mwenye fedha anayewarubuni wanafunzi wa kike. Kwa maoni yangu hilo ni tangazo lililoandikwa kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa halikumhubiria msichana wala halikumtisha. Lilimwanika mwanamume, na likampa kila mtu wa pembeni, mwenye duka, mhudumu wa hoteli, kondakta, ruhusa ya kuingilia kati. Mitaani vijana wakawa wanamwita hivyo mwanamume yeyote aliyeonekana na mwanafunzi. Tangazo la biashara ya kawaida humtaka mtu mmoja mmoja atoe fedha mfukoni, ilhali hili liliutaka mtaa mzima uwe na macho, na katika hilo nauona mkono wa Mtu ni Afya ya mzee wetu wa Tukuyu, ingawa waandishi wake huenda walikuwa watoto wadogo mwaka 1973.

Kuhusu mwanamke wa Mufindi, dada, sina la kukupinga. Mashirika ya kutengeneza matangazo yako Dar es Salaam, na mengine yalizaliwa yakiwa matawi ya Nairobi, kwa hiyo picha hupigwa pale ambapo kamera zipo na wachezaji wapo. Lakini sababu ya kina ni ileile niliyoanza nayo: mwandishi wa tangazo hilo anamjua mwanamke wa Mufindi kuwa mtu anayezalisha chai, na hajamfikiria kuwa mtu anayeinunua.

Sasa simu. Mobitel ilianza katikati ya miaka ya 1990 kwa wachache wa mijini, Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na ndani ya muongo mmoja mtu aliyesafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Tunduma aliona kuta za Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole zikigeuka rangi, duka baada ya duka, kwa kuwa kampuni ilimpakia mwenye duka ukuta wake bure na yeye akaona amepata nyumba mpya. Mafundi wa kuchora mabango kwa brashi, waliokuwa na ufundi wa kweli katika kuchora kichwa cha saluni au ng'ombe wa bucha, walipata kazi nyingi kwa miaka michache, kisha mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikawaondoa karibu wote. M-Pesa ilipofika mwaka 2008 na mawakala wakaenea na miavuli yao hadi magulioni, kampuni ya simu ilikuwa imepata kitu ambacho hakuna mtangazaji aliyewahi kuwa nacho hapa, yaani tangazo linalosimamiwa na jirani yako mwenyewe, anayekujua kwa jina na anayekaa hapo tangu asubuhi hadi jioni.

MCHANGIAJI (Makambako)

Ndugu, nimefuatilia tangu mwanzo na nimejifunza mengi, lakini nina pingamizi. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi, na mteja wangu hunifuata shambani kwa lori bila mimi kupaza sauti. Kwa nini unasikitika kwamba hatutangazi? Huenda hatuna haja.

MWANZISHA UZI (Mbeya)

Ndugu yangu wa Makambako, methali hiyo naiheshimu, na ninakubali kwamba kitu kizuri hujiuza. Ninachokuomba utazame ni kwamba kinapojiuza, fedha ya sifa yake inakwenda kwa nani. Ingia soko lolote la Dar es Salaam utaona mchele umeandikiwa Kyela, na mwenye duka anaongeza bei kwa sababu ya jina hilo, hata pale ambapo mchele wenyewe umetoka kwingine kabisa. Mkulima wa Kyela ndiye aliyelijenga jina hilo kwa vizazi, na yeye anauza mpunga wake kwa dalali katika gunia lisilo na maandishi. Viazi vyako vinaondoka Makambako katika lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, mshono juu ya mshono, na mlaji wa chipsi wa Kariakoo hajui kama vimetoka Njombe, Mbeya au nje ya nchi. Anayekufuata kwa lori anajua vizuri sana kwamba mali yako ni nzuri. Hana sababu yoyote ya kumwambia mtu mwingine ni yako.

Tazama upande wa pili. Chai ya Mufindi kwa miaka mingi ilikwenda mnadani Mombasa ikachanganywa na nyingine na kupewa majina ya watu wengine, lakini Chai Bora ya Mafinga ilipofungwa katika pakiti na kutangazwa kwa jina lake, ikawa mezani mwa Watanzania wa kila mkoa. Maziwa ya Asas na michuzi ya Dabaga, vyote vya Iringa, vimefuata njia hiyohiyo. Mali hizo zingeweza kubaki maziwa tu na nyanya tu.

Naomba pia nieleze jinsi kazi hii inavyokwenda kwenye redio zetu, kwa sababu ni jambo ninalolijua kwa karibu. Tangu redio za mikoani zilipoongezeka, kama Ebony FM ya Iringa, Kings FM ya Njombe, na Bomba na Highlands za Mbeya, tangazo limekuwa likifuata kalenda ya shamba. Mvua zinapokaribia, Novemba na Desemba, wanaolipia ni wauzaji wa mbegu na mbolea. Januari ni shule. Kisha kuna miezi ya ukimya, wakati ambapo mtafuta matangazo hutembea soko zima la Mwanjelwa, Mbeya, akirudi mikono mitupu. Na mavuno yakishauzwa, kuanzia Juni, wanarudi wenye mabati, pikipiki, samani na matamasha. Agosti yote macho yako Uyole, kwenye viwanja vya John Mwakangale, kwa ajili ya Nane Nane. Wauzaji wa mbegu ndio wanaoelewa vizuri zaidi jinsi ya kumshawishi mkulima, kwa kuwa wamegundua kwamba haamini picha. Hupanda shamba la mfano kando ya barabara, huweka kibao chenye jina la mbegu, na humwacha mkulima apite hapo kila siku kuanzia kupanda hadi kuvuna akijionea mwenyewe. Lakini hata hapo mkulima ni mnunuzi wa mbegu. Mahindi yatakayotokana nayo hayatakuwa na kibao.

MCHANGIAJI (Mbarali)

Shikamoo kaka. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Usangu, tunakoboa mchele wetu wenyewe na tunataka kuuza kwa jina letu. Binti mmoja wa kikundi anatangaza kwenye WhatsApp na Instagram, na wateja wameanza kuja. Wengine wanatuambia hiyo inatosha, kwamba redio na mabango ni mambo ya zamani. Tunaomba ushauri wako.

MWANZISHA UZI (Mbeya)

Marahaba dada, na hongereni sana. Mitandao ni chombo kizuri kwenu kwa sababu ni cha bei nafuu na kinawapa nafasi ya kuonyesha shamba, kinu na nyuso zenu, mambo ambayo hakuna shirika la matangazo lingeyapiga picha. Lakini nawaomba mjue udhaifu wake. Tangazo linalopita kwa ndugu, jirani na muumini mwenzako huaminiwa kupita kiasi, ndiyo maana mchezo wa DECI wa kupanda na kuvuna fedha, uliofungwa na serikali mwaka 2009, uliwanasa watu wengi bila kuhitaji bango. Wateja waliokwisha kuumizwa kwa njia hiyo watataka kuona kitu zaidi ya picha nzuri. Aidha, mkimtumia msanii au mtu maarufu, mwandikiane mkataba unaosema tangazo litatumika kwa muda gani na wapi. Mikataba ya matangazo ya marehemu Mzee Majuto, mchekeshaji, ilizua mjadala mkubwa mwaka 2018, hata waziri mwenye dhamana ya sanaa akaunda kamati ya kuichunguza, na sababu ni kwamba sura ya mtu iliendelea kuuza bidhaa wakati mwenyewe anaumwa na hana fedha za matibabu.

Kuhusu jina, msiridhike na usajili wa jina la biashara, kwa sababu huo haulindi chapa iliyo kwenye mfuko. Ombeni alama ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ikisajiliwa hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Neno Mbarali au Usangu peke yake hamtaweza kulimiliki, kwa kuwa ni mahali pa watu wote, kwa hiyo chagueni jina lenu wenyewe na kijiji mkiandike chini yake kwa herufi zinazosomeka. Nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mbeya mkaulize kuhusu vifungashio na barua ya kuwatambulisha TBS, yaani shirika la viwango, kwa kuwa utaratibu wa alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo hupitia hapo. Mfuko wa kilo tano unaoonyesha mchele kwa dirisha dogo utawafaa kuliko ule uliofunikwa wote kwa picha.

Redio msiiache. Wateja wenu wa Dar es Salaam mtawapata mtandaoni, lakini wenye hoteli, shule na maduka ya Mbeya na Makambako wanasikiliza redio wakiwa kazini, na tangazo linalosomwa na mtangazaji wanayemjua linawafikia kuliko lile lililorekodiwa na muziki. Lilipieni baada ya mavuno, mzigo ukiwa ghalani na umekwisha kukobolewa, kwa sababu mteja akipiga simu juma la kwanza akaambiwa mchele haujawa tayari, hatapiga tena juma la pili.